Kusafisha Mizizi ya Meno: Chuma cha Mkono au Mashine?

MAMA mmoja wa umri wa miaka hamsini hivi alinijia kwa sababu ya ugonjwa wake wa kisukari. Sukari ilikataa kushuka ingawa alikuwa akimeza dawa barabara. Nilipomtazama kinywani, nilikuta ufizi mwekundu, uliovimba na kutoa damu.

"Daktari," aliniambia, "nimeambiwa nikwanguliwe mizizi ya meno. Jirani yangu anasema vile vyuma hulegeza meno. Nitafute penye mashine, au ning'olewe tu yaishe?"

Mimi si daktari wa meno, lakini wagonjwa wengi wa namna hii huanzia kwangu. Ni vizuri msomaji aelewe kinachofanyika pale kitini.

Ukoga na mfuko

Kila siku viini hujenga utando juu ya meno. Usipoondolewa kwa mswaki, madini yaliyo katika mate huugandisha ukawa ukoga mgumu kama chokaa. Ukoga ukishuka chini ya ufizi, ufizi huachana na jino na kufanya mfuko. Daktari huupima kwa kijiti chembamba chenye alama. Milimita 1 hadi 3 si neno. Ukifika milimita 4 au zaidi, na damu ikitoka, kuna ugonjwa. Mfupa unaoshikilia jino huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu, mpaka jino lilegee.

Vyuma vya mkono

Hivi vina ncha iliyopinda kama kijiko kidogo chenye makali. Vya jumla vina makali pande mbili na hutumika kinywa kizima. Vile viitwavyo Gracey, kwa jina la daktari wa meno wa Marekani, hukata kwa upande mmoja, na kila namba imepindwa kufuata upande fulani wa jino.

Uzuri wake ni kwamba vidole vya daktari huhisi ukoga uliojificha, na mzizi huachwa laini. Tena stima ikipotea, kazi haisimami. Ubaya ni kwamba huchukua muda na humchosha daktari. Chuma butu husugua ukoga juu juu bila kuung'oa, na kukwangua kupita kiasi hula mzizi wenyewe.

Mashine

Ncha ya mashine hutikisika zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, kasi inayopita uwezo wa sikio letu. Maji huipoza na kuosha uchafu. Kwa kawaida humaliza kazi mapema kuliko mkono. Ncha nyembamba pia huingia pale mizizi ya magego inapogawanyika, ambapo nafasi mara nyingi haifiki milimita 1 na chuma cha mkono hukwama.

Lakini mashine hurusha matone madogo hewani. Mwenye kifua kikuu kinachoambukiza hafai kuitumia mpaka atibiwe. Aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo amwambie daktari mapema, kwani baadhi ya mashine zinaweza kukivuruga.

Kipi bora?

Uchunguzi uliolinganisha njia hizi umeonyesha kwamba mifuko hupungua na damu hukoma karibu sawasawa. Kwa hivyo madaktari wengi huanza kwa mashine na kumalizia kwa mkono. Muhimu zaidi ni ustadi wa anayevishika, na usafi wa vifaa. Uliza kama vimepitishwa katika mvuke wenye shinikizo, kwa mfano nyuzi 121 kwa dakika 15. Kupangusa kwa spiriti hakutoshi.

Na je, meno hulegezwa? La. Jino linalocheza baada ya kusafishwa lilikuwa limelegea tayari; ukoga ndio ulioliegemeza kama simiti. Ni kweli kwamba ufizi uliovimba hunywea, na meno huweza kuumwa na baridi kwa siku au majuma kadhaa.

Onyo moja: madoa ya kahawia ya waliokulia sehemu za Bonde la Ufa zenye maji ya floraidi nyingi si ukoga. Yamo ndani ya jino, wala hayatoki kwa kukwanguliwa.

Mama yule alikubali. Alichomwa sindano ya ganzi na kusafishwa kwa njia zote mbili, kwa awamu. Gego moja halikuokoka. Mengine yamebaki, damu imekoma, na sukari imeshuka kidogo, jambo ambalo utafiti umelionyesha kwa wagonjwa wengi wa kisukari wanaotibiwa ufizi. Dawa zake hakuziacha. Sasa hupiga mswaki mara mbili kwa siku, hupitisha uzi katikati ya meno, na kila baada ya miezi mitatu humrudia daktari wake.

Nawe ukiona damu kwenye mswaki, usingoje maumivu. Huenda yakachelewa kuliko jino.