Skalpini, Mwindaji wa Gizani

Skalpini mwenye mabaka, ambaye kisayansi huitwa Cottus bairdii, huishi katika vijito baridi na vyangavu vya Amerika Kaskazini, hasa penye mawe mengi. Charles Girard alimweleza mwaka 1850 na kumpa jina la mwanasayansi Spencer Fullerton Baird. Ni samaki wa kuenea kiganjani, mwenye kichwa kipana na mapezi ya kifuani yaliyotanuka. Hana kibofu cha hewa, hivyo haelei. Hukaa chini na kuruka toka jiwe hadi jiwe.

Mchana hujificha, usiku huwinda mabuu wa wadudu, na gizani macho hayamsaidii sana. Kinachomsaidia ni mfumo wa kuhisi mwendo wa maji uitwao mstari wa ubavu, jina lisilotosha hata kidogo, kwani mfumo huo umepanda hadi kichwani na kupita kwenye taya la chini. Ndani ya ngozi kuna mifereji myembamba iliyojaa umajimaji na kutobolewa matundu. Kati ya tundu na tundu zimo seli zenye vinyweleo, za jamii moja na zile za sikio la ndani la binadamu, zimevikwa kijikofia cha utelezi.

Ndani ya mfereji ni mchezo wa kuvuta kamba. Timu ni shinikizo la maji kwenye matundu mawili jirani. Kamba ni umajimaji. Kitambaa kilichofungwa katikati ya kamba ni kile kijikofia. Mkondo wa kijito ukipita sawasawa, timu zinatoshana nguvu na kitambaa hakisogei, hata wavutaji wakitoka jasho. Buu akijitikisa karibu na tundu moja, timu moja inazidiwa: kitambaa kinasogea, vinyweleo vinapinda, neva zinapeleka habari ubongoni. Na kwa kuwa mechi kama hizo huchezwa kichwa kizima kwa wakati mmoja, samaki hujua buu yuko upande gani kwa kulinganisha nani kashinda wapi.

Maabarani, skalpini waliopofushwa hukigeukia kijipira kinachotetema majini na kukishambulia. Seli za mifereji zikizuiwa kufanya kazi, hawakijali tena. Upeo wa hisia hii ni mfupi, takriban urefu wa mwili wa samaki mwenyewe.

Majira ya kuchipua, dume huchagua nafasi chini ya jiwe. Jike hujipindua na kugandisha mayai darini, kisha huondoka. Majike wengine huweza kuongeza yao hapohapo, na dume huyalinda yote, akiyapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe.