Kuingiza Taswira za Mifumo Endeshi Katika Maabara ya Mtandao wa Kuiga

Mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu Reli ya Kati wilayani Kilosa, na safari za treni zikakatika. Njia moja ikifungwa, je, ipo nyingine? Swali hilo huwakabili pia mafundi wa mitandao ya kompyuta. Nao hawawezi kukata waya unaotegemewa na hospitali ili wapate jibu. Hulitafuta katika maabara ya mtandao wa kuiga.

Maabara hiyo ni kompyuta moja iliyotiwa programu kama vile GNS3 au EVE-NG. Ndani yake huigwa ruta tatu, tuseme za Morogoro, Kilosa na Mikumi, pamoja na nyaya za kuunganisha kila mji na mwingine. Lakini ruta ya kuiga haifanyi kazi mpaka ipewe mfumo endeshi. Mfumo huo huletwa kama taswira, yaani faili moja lenye yote ambayo yangekuwamo katika diski halisi.

Kazi hii ina hatua nne. Kwanza, taswira ipatikane kwa njia halali: mifumo huria kama Linux hutolewa bure, ilhali ya makampuni aghalabu huhitaji leseni. Pili, alama ya uhakiki ya faili, mathalani SHA-256, ilinganishwe na ile iliyotangazwa na watengenezaji; zikitofautiana, faili limeharibika au limechezewa. Tatu, faili liwekwe katika folda yake. Katika EVE-NG jina la folda huanza na aina ya mashine, kama linux-, na faili huitwa hda.qcow2 au virtioa.qcow2 kulingana na diski inayoigwa. Herufi moja ikikosewa, mashine haiwaki. Nne, ruhusa za faili zirekebishwe.

Taswira moja hutosha ruta zote tatu. Yenyewe haibadiliki, kila ruta huandika mabadiliko yake katika faili la pembeni. Mwanafunzi akiivuruga ruta ya Kilosa, hulifuta faili hilo na kuanza upya. Kumbukumbu, hata hivyo, kila ruta hutaka yake: tatu za megabaiti 512 zahitaji megabaiti 1,536.

Sasa waya wa Morogoro na Kilosa na ukatwe. Kwa kanuni ya OSPF, ruta jirani kwa kawaida husalimiana kila sekunde 10. Zikipita sekunde 40 bila salamu, jirani huhesabiwa kuwa ametoweka, na ujumbe wa Kilosa huelekezwa kupitia Mikumi. Ukikatwa na waya wa Mikumi, Kilosa hubaki kisiwa. Somo hilo shule yaweza kulifundisha kwa kompyuta moja, bila kununua ruta hata moja.