Kenge Wawili Kizimba Kimoja

Kenge alaye mayai ya kuku zetu, huko Marekani na Ulaya wako watu wamfugao nyumbani. Hapa Kenya sheria ya wanyama wa pori ya mwaka 2013 yataka kibali kwanza. Baadhi ya wafugaji hao hudhani kenge huona upweke, basi humtilia mwenziwe. Sivyo. Kenge ni mnyama wa kukaa peke yake. Mkubwa hushika mahali pa kuota joto na kula chakula chote. Mdogo hujificha, hukonda, pengine hung'atwa mkia au vidole, hata kuliwa. Madume husimama wakakumbatiana kwa mieleka. Wakitulia, usidhani wamepatana: huenda mmoja ameshindwa tu. Kila mmoja apewe kizimba chake.