Unda Mitindo Kabla ya Kupamba Maandishi

Mswada wa kitabu unapofika kwa msanifu wa kurasa, mara nyingi vichwa vya habari huwa vimepambwa kimoja kimoja. Mwandishi amekichagua kichwa, akakikoza, akakipandisha hadi pointi 14, kisha akaenda kwenye kinachofuata. Kwa barua ya ukurasa mmoja hakuna neno. Lakini kitabu kina kurasa 200, na siku mchapishaji akitaka vichwa vyote viwe na pointi 16, msanifu atapitia kurasa zote 200, na bado viwili vitatu vitamponyoka.

Ndiyo maana programu za kupanga kurasa zina mitindo. QuarkXPress inayo, Scribus inayopatikana bure inayo, na InDesign, ambayo Adobe waliitoa mwaka 1999, inayo pia. Mtindo ni maagizo yaliyokusanywa na kupewa jina: fonti gani, ukubwa gani, rangi gani, nafasi kiasi gani juu na chini ya aya. Ukibadilisha agizo moja ndani ya mtindo, kila aya iliyovikwa mtindo huo hubadilika papo hapo. Yaliyomo ya kitabu nayo huweza kutengenezwa kutokana na mitindo hiyo: kwenye InDesign, kwa mfano, programu huvitafuta vichwa vyenye mtindo uliouteua na kuviorodhesha pamoja na namba za kurasa.

Majina yafuate kazi, si sura. "Kichwa cha Sura" ni jina zuri. "Nyekundu 18" litakuwa uongo siku rangi itakapobadilishwa kuwa bluu.

Mitindo ni ya aina mbili kuu, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mtindo wa aya hutawala aya nzima. Mtindo wa herufi hugusa neno au maneno machache ndani ya aya, kama jina la kitabu linaloandikwa kwa herufi za mlazo. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuujaza mtindo wa herufi maagizo yasiyohitajika. Mtu anaunda mtindo wa mlazo, anaweka humo fonti, ukubwa wa pointi 11 na rangi nyeusi. Ndani ya aya za kawaida hauleti shida. Uweke kwenye kichwa cha pointi 18, na neno moja linasinyaa katikati ya wenzake. Mtindo huo ulihitaji agizo moja tu, mlazo. Mengine yote yaachwe wazi ili neno liyapokee kutoka kwenye aya yake.

Kwenye InDesign, alama ya kujumlisha ikitokea kando ya jina la mtindo wa aya, ujue kuna mtu aliyebadilisha kitu kwa mkono juu ya mtindo. Ukishikilia kitufe cha Alt (Option kwenye Mac) na kubofya jina hilo, mabadiliko hayo yanafutwa. Tahadhari: hata mlazo wa mwandishi, kama uliwekwa kwa mkono, utaondoka nao. Kwa hiyo tangulia na kifaa cha kutafuta na kubadilisha. Tafuta herufi zote za mlazo, zivike mtindo wa herufi, kisha ndipo usafishe. Mtindo wa herufi hautaguswa na usafishaji huo. Anayegeuza utaratibu huu huharibu kazi ya mwandishi bila mtu kugundua hadi kitabu kimechapwa.

Mitindo hurithiana pia. Unda mtindo wa aya ya kawaida, kisha uanzishe kutoka kwake mtindo wa aya ya kwanza ya sura, ambao tofauti yake ni moja: mstari wake wa kwanza hauingii ndani. Ukibadilisha fonti ya mzazi, mtoto anafuata.

Ndani ya mtindo huo wa mzazi ndimo lilimo agizo ambalo wachapishaji wa Kiswahili hulisahau: lugha. Ikibaki Kiingereza, programu hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na "nyumba" inaweza kukatwa "nyum-ba" badala ya "nyu-mba". Kama Kiswahili hakimo kwenye orodha, zima ukataji wa maneno. Lakini vitenzi vyetu ni virefu. "Walivyotuelekeza" peke yake hula sehemu kubwa ya safu nyembamba ya gazeti, na mistari iliyosawazishwa pande zote mbili huachwa na mapengo. Kwa safu kama hizo mimi hupanga maandishi kushoto na kuuacha ukingo wa kulia huru. Husomeka vizuri zaidi.

Basi ukifungua faili jipya la kitabu au jarida, usibandike mswada kwanza. Unda aya ya kawaida, aya ya kwanza, ngazi za vichwa, nukuu, maelezo ya picha na mlazo, weka lugha, ndipo ulete maandishi.