Tiba ya mazungumzo kwa watoto: dawa moja haiwafai wote

Dada yangu anaishi Kayole, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Mumewe alipofariki, mwanawe wa miaka 14 alianza kulalamika tumbo kila asubuhi ya shule. Alipimwa minyoo, akapimwa vidonda vya tumbo, hakuonekana na kitu. Huku Mombasa tulisema ni jicho, na mama yetu akatuma kombe. Mimi kama mjomba nikapanda basi kwenda kutazama mambo.

Zahanati moja ya mtaani ilikuwa imempa mshauri. Yule binti alikuwa na kitabu cha mafunzo ya huzuni, akikifuata ukurasa kwa ukurasa. Kijana alikwenda mara tatu, ya nne akakataa. Nilipomuuliza sababu, aliniambia: "Mjomba, yeye ananifunza kuondoa huzuni. Mimi naogopa nikiwa shule, mama naye afe."

Jawabu hilo ndilo lililonifanya nisome habari za tiba hizi, na leo nataka niwaeleze niliyoyapata.

Tiba nyingi za mazungumzo zimetungwa kwa shida moja: huzuni peke yake, au hofu, au utukutu. Lakini mtoto haji zahanati na shida moja. Anaweza kuwa na hofu Jumatatu, na Alhamisi akapigana shuleni. Ndipo watafiti wakaivunja tiba vipande vifupi, kila kimoja na kazi yake: kukabili unachokiogopa kidogo kidogo, kutatua tatizo kwa hatua, kumfunza mzazi namna ya kumsifu na kumkanya mtoto. Mshauri huanza na kipande kinachohusu shida kubwa zaidi, na shida ikigeuka, naye hubadilisha.

Wataalamu John Weisz na Bruce Chorpita waliujaribu utaratibu huo Marekani, katika zahanati za Massachusetts na Hawaii, kwa watoto 174 wa miaka 7 hadi 13. Matokeo yalitoka mwaka 2012: waliopewa vipande vya kuchaguliwa walipata nafuu haraka kuliko waliofuatishwa kitabu kizima, na kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Kwetu Afrika Mashariki majaribio yapo pia, na yanaonyesha kwa nini uchaguzi ni muhimu. Kaskazini mwa Uganda, vijana 314 waliokuwa kambini kwa sababu ya vita waligawanywa kwa kura. Tiba ya vikundi ya kuzungumzia mahusiano iliwapunguzia wasichana huzuni kwa kiasi kikubwa, lakini wavulana haikuwasaidia vivyo hivyo. Bungoma na Moshi, watoto 640 waliofiwa na wazazi walihudumiwa na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, si madaktari. Kenya, mjini na kijijini, faida ilikuwa bado ipo mwaka mmodi baadaye. Moshi mjini, tofauti haikuonekana. Na katika shule za Nairobi na Kiambu, mwaka 2019, mpango wa Shamiri uliwatumia vijana waliomaliza shule karibuni kuwaongoza wanafunzi 413 kwa saa moja kwa wiki, wiki nne. Wanafunzi wa kundi la Shamiri walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma.

Msidhani kubadilika huku ni kila mshauri kufanya apendavyo. Mlango wa kubadilisha ni kipimo. Mtoto mwenyewe hutaja shida zake tatu kubwa kwa maneno yake, na kila wiki huzipa alama. Alama zisipoteremka, mshauri hana budi ajiulize kama amekamata shida isiyo yenyewe.

Dada yangu alirudi kwa yule mshauri, akamweleza aliyoyasema mwanawe. Binti hakukasirika. Alikiweka kitabu kando, akapanga na kijana: wiki ya kwanza afike langoni mwa shule tu, ya pili akae vipindi viwili bila kumpigia mama simu, na kadhalika. Tumbo halijaacha kabisa, lakini muhula huu amekosa siku nne tu. Uliopita alikosa karibu mwezi. Kombe la mama yetu alilinywa pia, wala mshauri hakulikataza.

Ndugu zangu wa Pwani, mtoto akipelekwa kwa mshauri, ulizeni mambo matatu: mmemuuliza mwenyewe shida yake? Mnaipimaje kila wiki? Na isipopungua, mtafanya nini? Na akikataa kurudi, msimpige wala msimwite mkaidi kabla ya kumsikiliza. Sisi tulikaribia kumpigia mpwa wangu tikiti ya Mombasa akaishi kwa bibi yake, mbali na mama ambaye ndiye aliyeogopa kumpoteza.