Honi ya Treni na Haki ya Jirani

Hapana shaka kwamba usingizi ni katika neema za Mwenyezi Mungu, na kumsumbua jirani usiku ni udhia. Lakini itakuwaje ikiwa kelele hiyo ndiyo iokoayo roho za watu?

Jambo hili liliwashughulisha watu wa jimbo la Florida, nchini Marekani. Mwaka 1984 sheria ya jimbo iliruhusu miji kukataza honi za treni usiku, tangu saa 4 hadi saa 12 asubuhi, penye vizuizi na taa. Watu wakalala, lakini ajali za usiku katika makutano hayo ya reli na barabara zikafikia karibu mara tatu ya zilivyokuwa. Mwaka 1991 Serikali ya Marekani ikalitangua katazo hilo, na ajali zikapungua.

Kanuni iliyoanza mwaka 2005 ikapatanisha haki mbili. Honi hupigwa sekunde 15 hadi 20 kabla ya makutano. Na sauti yake, ikipimwa futi 100 mbele ya treni, isipungue desibeli 96 wala isizidi 110. Mji utakao kimya haunyimwi, bali hupaswa kwanza kuweka kinga nyingine, kama vizuizi vifungavyo barabara nzima.

Wanazuoni wetu wamefundisha kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Basi atakaye kuliondoa onyo, na aweke kwanza badala yake. Nasi wazazi tukaao karibu na reli, tuwazoeze watoto kusimama, kutazama na kusikiliza kabla ya kuvuka. Mwenyezi Mungu atuhifadhi. Amin.