KIDUME KWENYE KITI CHA BIBI HARUSI

Vijana wenzangu, makala hii wengine mtaisoma gazeti likiwa limekunjwa katikati ili jirani kwenye daladala asichungulie. Hakuna neno. Someni tu. Leo tunaongelea mwanaume kwenda saluni, na siyo kuchonga ndevu wala kunyoa panki. Anakwenda kukaa kwenye kile kiti cha mabibi harusi na kumwambia dada wa saluni: "Naomba unitengeneze niwe mwanamke."

Mimi nimekwenda, hapa hapa Babati. Nimelipa kwa pesa yangu na nimerudi nyumbani salama. Kabla hujaanza kunipa majina, nipe dakika zako kumi.

ILIKUWAJE?

Tuna kikundi chetu cha maigizo, watu tisa, tunafanyia mazoezi Maisaka jioni. Mwaka jana tulikuwa na mchezo wa mjane. Mume kafa, arobaini haijaisha, ndugu wa marehemu hao wamefika. Wanagawana ng'ombe, wanagawana shamba, mpaka kitanda wanakibeba. Mwenzetu aliyekuwa acheze huyo mjane akapata kazi Singida zikiwa zimebaki wiki mbili. Wasichana wawili waliobaki walishakuwa na nafasi zao. Mwongozaji akatuzungusha macho, akayasimamisha kwangu. Mwembamba, sauti haijakaa kibesi sana. "Wewe," akasema. Kwisha habari.

Sasa hapo ndipo kasheshe ilipo. Sisi Watanzania tukimwona mwanaume ndani ya gauni, meno yote nje. Ndivyo tulivyozoeshwa. Tangu enzi za Ze Comedy pale EATV, Joti akijitokeza kama mama au bibi kizee, watu mbavu hawana. Majirani zetu wa Kenya wana Flaqo na Mama Otis wake, nao wanacheka hivyo hivyo. Na jamaa hawa wanajua kazi. Hawana haja ya kukudanganya kwamba ni mwanamke, kwa sababu utamu wenyewe ni wewe kumwona dume ndani ya kilemba.

Mjane wangu hakuwa wa hivyo. Kama ukumbi ungecheka pale anaponyang'anywa kitanda cha marehemu mumewe, mchezo ulikuwa umekufa, na kile tulichotaka watu waondoke nacho kimekufa pia. Kwa hiyo lipstiki ya kuazima kwa dada yangu isingetosha. Nilihitaji fundi.

SIYO MAMBO YA KUJA NA BASI

Najua wapo watakaosema, "Haya mambo yametoka wapi?" Bwana wee, yametoka mbali, na mengine yametoka jirani kabisa.

Hapa mkoani kwetu, Simanjiro na Kiteto ni nchi ya Wamasai. Kila aliyepita barabara za Kaskazini amewaona wale vijana waliotoka kutahiriwa, nguo nyeusi, uso umechorwa kwa chokaa nyeupe. Mwingereza A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu Wamasai, aliandika kwamba vijana hao walivaa mavazi marefu mpaka chini na hereni za kike kwa kipindi hicho. Kwa Wanandi wa Kenya aliandika kwamba wavulana, kabla ya jando, walipewa na wasichana nguo na mapambo yao wayavae. Walikuwa wanaelekea kuwa wanaume kamili, na njia yenyewe ilipitia kwenye hereni za dada zao. Hakuna aliyezimia.

Ulaya nako? Wakati wa Shakespeare, Juliet unayemsikia alichezwa na mvulana. Wanawake walianza kupanda majukwaa ya Uingereza kwa kazi ya kulipwa baada ya mwaka 1660. Japani ndiyo usiseme. Mchezo wao wa kabuki ulianzishwa na mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1600, lakini mwaka 1629 serikali ikawapiga wanawake marufuku jukwaani. Mpaka leo kuna wanaume ambao kazi yao ya maisha ni kucheza nafasi za kike, na wanaheshimika kama mabingwa. Hata ile filamu ya Mrs. Doubtfire ya mwaka 1993, ambayo Robin Williams anajigeuza yaya mzee ili awe karibu na wanawe, mafundi walioutengeneza uso ule walipata tuzo ya Oscar mwaka 1994. Yaani uso tu, na dunia ikasimama kuupigia makofi.

KUMPATA FUNDI

Saluni ya kwanza niliingia mchana kweupe. Nikamweleza dada mmoja kwa sauti ya chini, naye akageuka akaita wenzake kwa sauti ya juu. Wakatoka watatu, mmoja na rola kichwani. Mambo yakawa sinema ya bure. Nikaaga kwa adabu. Jina la saluni halitakusaidia kitu.

Ya pili nilianza na simu. Ni ya mama mmoja wa makamo, si mbali sana na stendi, anapamba mabibi harusi kila Jumamosi. Nikamwambia, "Dada, shikamoo. Mimi ni mwanaume, nina mchezo wa jukwaani, nataka kupambwa kama mama wa miaka arobaini." Nikasubiri kicheko. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza maswali matatu: "Taa za huko ukumbini ni nyeupe au za njano? Utatoka jasho sana? Na utalia?"

Nikajua nimefika. Fundi wa kweli hakuulizi kwa nini. Anakuuliza unataka kuonekana vipi.

Tukapatana elfu thelathini kwa siku ya mchezo, wigi la kukodi humo humo, na elfu kumi kwa siku ya majaribio. Majaribio yawe Jumatatu jioni, wateja wameondoka, pazia limeshushwa. Hiyo ya majaribio msiikwepe, wandugu. Siku yenyewe haina muda wa kugundua kwamba gundi ya kope inakuwasha au wigi linakubana mpaka kichwa kinauma.

KITINI

Agizo la kwanza: ndevu zinyolewe kwa maji ya moto saa kadhaa kabla, ngozi ipoe. Ukinyoa ukakimbilia poda, utachonyota mpaka ukome.

Mimi nilidhani ukishanyoa kazi imekwisha. Kumbe chini ya ngozi panabaki kivuli cha ndevu, na poda ya kawaida ikipita juu yake uso unakuwa na rangi ya majivu. Dawa yake ni krimu ya rangi ya chungwa iliyokoza. Inapakwa kidogo tu pale penye kivuli, inakizima, ndipo inafuata faundesheni. Na faundesheni yenyewe aliijaribia shingoni, siyo mkononi. "Uso ukiwa Mzungu na shingo Mmbulu, watu wataangalia mpaka," akasema. Mwenyewe ni Mmbulu, kwa hiyo utani huo alijipa ruhusa.

Poda alikuwa anaigandamiza kwa sponji, hasugui. Ukisugua, unaondoa kila ulichojenga. Nyusi hakuzinyoa, maana kesho yake nilikuwa na kibarua changu cha kawaida. Alizilaza kwa gundi ile ya kijiti, akazifunika, akachora nyingine nyembamba juu kidogo. Macho yakafunguka kama dirisha. Halafu akafanya kitu sikukitegemea. Akanizeesha. Mistari miwili hafifu kando ya mdomo, weusi kidogo chini ya macho. "Mjane hajalala," akaniambia. Rangi ya mdomo akaipaka na kuifuta nusu. Wanja aliniwekea wa kutohama kwa machozi.

Kuna jambo moja alilikataa katakata. Nilimuuliza kama ningepaka krimu ya kung'arisha wiki moja kabla ili uso ulainike. Akaniangalia kama nimetukana. Mkorogo unachubua, na vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS. "Mekapu inatoka kwa sabuni, mdogo wangu. Ngozi ikishaharibika haitoki kwa sabuni."

MAVAZI

Huku nilipata msaada wa fundi cherehani wake, kijana mwenzangu, mpole. Somo lake lilikuwa fupi. Mwanaume ana mabega, mwanamke ana nyonga. Huwezi kupunguza mabega, basi ongeza chini. Alikata sponji ya godoro vipande viwili, akavichonga kingo ziwe nyembamba, akavishonea ndani ya kaptura ya kubana. Sidiria ikajazwa soksi zenye mchele, siyo pamba, kwa sababu mchele una uzito na unatikisika kama inavyotakiwa.

Gauni la kitenge, mikono mirefu, shingo ya kupanda juu kufunika kongoromeo. Khanga mbili, moja kiunoni na moja mabegani, hapo mabega yakapotea yenyewe. Viatu ndivyo vilivyotutesa. Mguu wangu ni namba 43, na kwenye mitumba ya mnadani viatu vya kike vya namba hiyo ni vya kutafuta kwa tochi. Mchuchumio nikaukataa mapema. Tukaishia kandambili, na kwa mjane wa kijijini kandambili zilifaa kuliko chochote.

Halafu kutembea. Mama mwenye saluni alinifunga khanga magotini na kuniambia niende mpaka mlangoni na kurudi. Mara ishirini. Hatua ikafupika bila kuambiwa. Dakika kumi na tano hizo zilinifundisha kuliko video zote za kwenye simu. Baada ya hapo akaniletea kioo.

Sikujiona mimi. Nilimwona shangazi yangu, yule aliyebaki na watoto wanne. Sikucheka, na wao wawili hawakucheka.

SIKU YA MCHEZO

Nilipotoka tu, pembeni kukasikika mluzi mmoja. Ukakosa wa kuuitikia, ukafa. Walipobeba kitanda, ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia pikipiki inapita nje. Nikalia, na wanja haukuhama.

Mwisho wa mchezo nikaenda nyuma, mafuta ya nazi usoni, nafuta, sabuni, suruali. Akaja mama mmoja mtu mzima, kashika pochi yake kifuani. Akanipita akamuuliza mwongozaji: "Yule mama yuko wapi? Nataka nimpe pole. Na mimi walinifanyia hivyo hivyo."

Mwongozaji akanitazama. Mimi nikamwambia, "Shikamoo mama. Ameshaondoka, lakini pole zako nitamfikishia." Akanishika mkono, akasema, "Mwambie asisaini kitu," akaondoka. Wale waliotaka kujua kama elfu arobaini ilikuwa nyingi, jibu langu ni hilo.

MKONO NA MDOMO

Wiki iliyofuata nilipita saluni kurudisha wigi. Nikamuuliza yule mama, kwa umbeya wangu, kama kuna wanaume wengine huwa wanamjia. Akanipa soda, akakaa.

"Mdogo wangu, wewe ulipokuja hapa ulikuja peke yako," akasema. "Kila mtu hapa anakuja peke yake."

Nimeitafakari sana kauli ile. Mimi nilikuwa na karatasi za mchezo mkononi. Mtu akinikuta na kope za bandia, ninamwonyesha ukurasa na yeye anatulia. Lakini yupo kijana mahali fulani ambaye hana mchezo wala jukwaa. Anataka tu kujiona kwenye kioo na gauni, mara moja, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Huyo hana karatasi ya kuonyesha. Mji wetu ni mdogo, na neno likitoka stendi asubuhi limeshafika Bagara kabla ya saa sita. Mdomo mmoja uliolegea unaweza kumgharimu kazi, chumba, hata mbavu zake. Hapo ndipo niliposhika kwamba kwa fundi wa namna hii unalipia vitu viwili, mkono wake na mdomo wake. Mkono mzuri utaupata saluni nyingi. Mdomo uliofungwa ndio wa kutafuta.

Kwa hiyo kijana, ukiwa na sababu ya jukwaa au sababu yako mwenyewe, anza kwa simu, sema unachotaka bila kuzunguka, na sikiliza swali la kwanza utakaloulizwa. Ukiulizwa "kwa nini?", aga kwa adabu. Ukiulizwa "taa ni za rangi gani?", toa advansi.

Na nyoa mapema.